Ganda Moja

Baba mdogo Exaveri analipitisha ganda juu ya koroboi
mpaka shaba ivae masizi,
kisha analisukuma chembani, taratibu,
kama anayemwingiza mgeni mrefu kwenye mlango mfupi.

Komeo linagoma.
Analitoa. Tunatafuta palipong'aa:
hapo begani, upana wa kucha.
"Hapa ndipo linaposema uongo."

Tupa. Msasa. Masizi tena.
Nje ukungu wa Mufindi umekalia bati,
na bondeni nguruwe wanavunja mahindi yetu,
ka, ka,
bila haraka, kama wenye shamba.

Bunduki hii babu alirudi nayo
kutoka vita isiyokuwa yake.
Risasi zake hazitengenezwi tena popote.
"Kibogoyo hafundishwi kutafuna," anasema,
"chakula ndicho kinachopondwa."

Mara ya saba komeo linashuka.
Exaveri anafumba macho
kama aliyeitwa kwa jina la utotoni.

Halafu analichomoa, tupu,
analifuta kwa pindo la koti,
analitia mfukoni.
Baruti hatuna. Kibali kiko Iringa,
kwa ofisa aliye likizo.

Bondeni: ka.

"Lakini limeingia," ananiambia. "Si umeona?
Limeingia."