Senti Mbili kwa Kila Mia

Bili ya kodi ya nyumba imefika
pamoja na theluji iliyojipenyeza kisandukuni.
Barabara, shule, zimamoto, makaburi,
na chini kabisa, kwa herufi zilizojibanza: maktaba.
Senti mbili kwa kila dola mia za thamani.
Tumsifu akapiga hesabu kwa kidole kwenye ukungu wa dirisha:
nyumba yetu, na paa lake linalovuja,
dola thelathini na mbili kwa mwaka.
"Mama, si bei ya viatu vyako vya kazini?"
Cha kushoto tu, nikamjibu.

Jumanne ya kwanza ya Machi, Tannery Gore hukutana
katika ukumbi unaonuka kahawa na soksi mbichi.
Wenye kura huketi mbele.
Sisi wengine tuna benchi letu kando ya radieta:
mimi, mpangaji mmoja kutoka Kanada, na kitoto cha mtu.
Kodi yangu ina uraia.
Mimi bado.

Kifungu cha kumi na moja. Akasimama Orrin Thibault,
kofia mkononi. Ni mgema.
Ndiyo, Vermont nako wanagema,
ila kinachodondoka si tembo, ni maji matamu
yachemshwayo usiku kucha hadi yawe asali ya mti.
Ana ekari mia tatu na koti moja.
"Ardhi yangu mnaipima kwa dola," akasema.
"Dola mimi sizioni. Naona mawe.
Mia na themanini, kwa vitabu nisivyosoma!
Nimkate ng'ombe mguu upi niwaletee?"
Watu wakacheka. Yeye hakucheka.
Nami niliyekuja na hasira iliyopigwa pasi
nikaikuta imekunjamana mapajani.
Namjua mtu mwenye shamba asiye na nauli.
Nilizaliwa kwake.

Gretchen Labounty, mkutubi, hakuhutubia.
Alisoma daftari lake tu.
Januari: fomu za bima, ishirini na sita.
Mzee mmoja, kujifunza kumwandikia bintiye barua.
Magari sita nje, saa nne usiku,
yakinyonya intaneti kupitia ukutani.
Moja la hayo ni langu.
Tumsifu hufanyia kazi za shule kiti cha nyuma,
blanketi magotini, injini ikinguruma,
na mshale wa petroli ukishuka sentensi kwa sentensi.

"Wanaokubali?" Mikono ikapanda.
Wangu nikaukalia.
Hamsini na nane.
"Wanaokataa?" Sitini na mbili.
Kura nne. Ningeweza kuzitaja kwa majina.

Sasa maktaba hufunguliwa Jumanne na Jumamosi.
Na Jumamosi ile ya kwanza, natoka zamu ya usiku,
namkuta Orrin juu ya trekta
anasukuma theluji mlangoni pa maktaba.
Hakutumwa. Halipwi.
Akanipungia kama mtu aliyefumaniwa.
Nilitaka kumshukuru, nikasita:
mgema akisifiwa, mnajua wenyewe.
Nikapunga tu.

Lakini njia nzima nilibishana naye kimoyomoyo.
Orrin, hisani ina magoti, na yako yanauma.
Hisani huugua, huhamia kwenye joto kwa wajukuu, hufa.
Mwaka utakaolala kitandani nani atafukua mlango huu?
Kodi haingoji moyo wa mtu uamke vizuri.
Naye, najua, angenijibu:
wala haiulizi kama nimekula.

Sina jibu la hilo.
Nina kitabu cha mtihani wa uraia, cha kuazima,
jalada limelegea kwa mikono ya waliotangulia,
duara la kikombe cha mtu juu ya swali la hamsini na tatu.
Kirudishwe Jumanne, muhuri unasema.
Jumanne wanafunga saa nane.
Zamu yangu siku hiyo huisha saa tisa.