Chai Inakoishia

Orodha yako nimeipata, Subilaga.
Ipyana kanisomea mara mbili, simu ikililia chaji:
siku ya kwanza saa ya mnarani,
ya pili ikulu na walinzi wa kofia za manyoya,
ya tatu gurudumu la kupandisha watu juu ya mto.
Ndaga, mwanangu, umejipinda.
Lakini saa ninayo, ya baba yako, ukutani,
inachelewa dakika kumi na hatujagombana.

London nipitishe kama basi linavyopita Makambako:
tuchimbe dawa, tununue mahindi, twende.

Miaka thelathini na moja nimechuma chai hapa Tukuyu,
majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi,
mvua ikinipiga juu ya aproni ya nailoni.
Nipeleke inakoishia.
Si hotelini. Jikoni kwa mtu.
Yule wa kitanda cha tatu, Bi. Doreeni,
aliyepona akarudi kwao kaskazini,
mwambie ateleke maji.
Nataka kuona maziwa anatia kabla au baada,
na kama hunywa amesimama, kama mimi.

Nje ya dirisha lake, ulisema, kuna vilima visivyo na mti
na kuta za mawe makavu zinapanda
hadi ukungu unapozimeza.
Kitulo bila maua, ulisema.
Nitakuja na buti zangu za shamba nihakikishe.

Kisha Welisi, kwa yule mzee wa kitanda cha saba
aliyekataa sindano kwa lugha ambayo wodi nzima hamkuijua.
Nisimamishe sokoni kwao
nimsikie bibi akimgombeza mjukuu kwa lugha ya nyumbani,
nione kama mjukuu naye hujibu kwa lugha ya shule,
kama wewe.

Lile ziwa la Uskoti lenye mnyama asiyeonekana,
tutapita tumsalimie.
Ngosi nako wazee husema mna kitu majini,
ila sisi hatujachapa sura yake kwenye fulana.

Na usiniambie, mama, utafikaje Uingereza usiione London?
Wangapi wanatua Dar, wanaona Posta na foleni,
wanarudi kwao kusema nchi wameiona,
na Kiwira inapita chini ya mwamba bila wao?

Jana nikamwambia Ipyana anionyeshe picha zako za kaskazini.
Akatafuta hadi simu ikazima.
Wodi. Chumba chako. Kituo cha treni. Wodi.
Miaka sita, Subilaga.

Basi viza wakininyima, maneno haya usiyatupe.
Omba likizo. Anza na kitanda cha tatu.
Nimefunga robo kilo ya majani, Gwakisa anasafiri Alhamisi.
Usiyanywe wewe. Mpelekee,
umwambie yametoka upande gani wa kilima,
na hayo maziwa, kabla au baada,
uniandikie.