Kidonda Ndugu

Bogumiła alisimama mbele ya mtambo wa kufuma
miaka thelathini na mmoja, kiwanda kimoja, Łódź.
Sasa mguu unamdai kila saa.

Asubuhi, kabla hajashuka kitandani, naanza vidoleni:
bendeji inapanda, kila duara likifunika nusu ya lile la chini,
hadi karibu na goti.
"Umelegeza, Zenon." Nafungua. Naanza upya.
"Na uzi huu," anasema, "sisi tungeurudisha kwa msimamizi."

Ni ndugu kweli: kilifika Pasaka,
theluji imerudi, hakijaaga.
Kinalala nasi, kinalowesha shuka nilizopiga pasi.
Jirani alileta asali, mwingine majani ya kabeji.
Muuguzi wa Alhamisi alitikisa kichwa, akaosha kwa maji ya chumvi.

Jioni mguu unapandishwa juu ya mito miwili
na kamusi ambayo hatukuwahi kuifungua.
Nabonyeza kifundo; kidole kinaacha shimo,
tunahesabu pamoja likijaa.

Upana naupima kwa utepe wake wa kushonea,
naandika kwenye kalenda ya parokia:
nne. Nne. Nne na nusu. Nne.

Leo tatu na kitu.
Hasemi lolote.
Anaomba vile viatu vyekundu,
avitazame tu.