Tundu la Korosho

Ghalani Tandahimba mkono wangu hauna huruma:
yenye tundu, kando;
iliyosinyaa, kando;
iliyoota ukungu hata siisogezi puani.
Karani Chilumba hunitania,
ati ningepewa waume ningewachambua vivyo hivyo.

Usiku, kidole gumba cha mkono huohuo
kinapokea kila kipitacho:
ugomvi wa watu nisiowajua,
ajali, ndoa ya Dodoma iliyovunjika,
mtu anakula pilipili kwa dau.
Nikilala kichwa ni gunia,
nzima na bovu pamoja.

Juzi bando liliishia kwenye pilipili ile.
Asubuhi Somoe, jirani, ndiye aliyeniambia:
mdogo wako wa Kitangari kajifungua,
sauti ya mtoto alikutumia tangu saa nne usiku.

Nilikaa kizingitini,
nikaimwaga simu mapajani,
nikaanza. Huyu, kando. Lile kundi, kando.
Kwa yule wa pilipili nilisita,
maana anachekesha kweli.
Naye kando.

Zimebaki chache, kiganja kinazitosha.
Leo nimeweka bando la mia tano,
nimemsikiliza mtoto akilia,
bado hana jina,
mara tatu,
kisha nikaizima.