Kanuni ya Kopo

Mabela, Alhamisi, baada ya isha.
Mashine ya baridi inakoroma, Agosti imebandika mvuke vioni,
na mimi, Thuwaiba, wiki mbili nimekesha
nikijenga ngome ya milango saba:
juu ya kila mlango tundu,
katika kila tundu sufuria ya asali ya tende inayotokota,
tayari kummwagikia mgeni asiye na adabu.

Muhanna akarusha dadu, akasema: Funguka.
Milango yote saba.
Na tumbo la zimwi. Na kinywa cha msaliti
niliyedhamiria kumficha hadi Disemba.
Kahawa haijapoa, hadithi imekwisha.

Tukaiwekea mipaka.
Mara moja tu kwa usiku: akaitunza kama bakhili hadi mlango wa mwisho.
Ilipiwe kwa damu: Rayya, tabibu wetu, akamtibu papo hapo
huku anatafuna mkate wa ufuta.
Nikasema basi tuifute. Ghasani akanuna;
ana miaka kumi na saba, anaamini
kilichopigwa chapa hakifutwi.

Ndipo Rayya, anayehesabu mizani kwa vidole,
akaandika nyuma ya risiti ya petroli:

    Mwenye kusema Funguka, neno moja hulitoa,
    Ndani ya kopo 'taweka, ni haramu kuopoa,
    Yeyote 'kilitamka, roho kumi twaondoa,
    Hadi kisa kukatika, hapana wa kuokoa.

Kopo lenyewe la biskuti,
lile ambalo kila nyumba lina sindano na vifungo.

Muhanna ni mtu wa forodha, Sohar; anajua pa kupenyea.
Akatoa kinu. Akatoa ungo.
Akatoa mbuzi, "ya kukunia nazi," akafafanua,
"ile nyingine nabaki nayo."
Malango yakafunguka kwa bei ya bure.
Nikaongeza kwa kalamu nyekundu: liwe neno ulilolitumia leo.

Hapo jasho likamtoka.
Akatoa maji, akashinda na kiu saa nzima
akilinyooshea jagi kidole
(Kiarabu tulishakikataza).
Rayya naye akaiazima Funguka kumtoa Ghasani shimoni,
akalipa karibu.

Bi Theneya akaingia na sinia, akafungua kopo
akitafuta uzi mweusi.
Akasoma kikaratasi kimoja kwa mbali, mkono umenyooka.
"Ungo," akamwambia mjukuu wake. "Ni nini?"
Ghasani akatazama dari.
"Aina ya samaki?"
Bibi hakucheka. Akakikunja, akakirudisha.
"Na hili lenu, lilifungua mlango gani?"
Akaenda zake jikoni.
Kwa muda mashine ya baridi ikakoroma peke yake.

Saa saba usiku, mlango wa saba. Asali inatokota.
Muhanna anayo Funguka, dadu inamwasha kiganjani.
Anatutazama, analitazama kopo, anahesabu
yaliyobaki mdomoni: mama, samahani, kesho.
Haoni la kuuza.
Anaweka dadu chini.
Anagonga meza kwa kifundo cha kidole.

"Hodi."

Mlinzi wa ngome ni mimi. Jibu nalijua tangu kunyonya,
nalo limo koponi, kwa mwandiko wa Rayya, roho kumi.

"Hodi," mara ya pili.

Ya tatu anaisema kwa sauti ndogo,
sauti ya mgeni aliyekwisha kugeuza viatu.

Na kutoka jikoni, juu ya mlio wa bomba,
Bi Theneya, asiyejua ngome wala zimwi:
"Karibu!"

Ghasani karuka kitini: haihesabiki, si mchezaji!
Rayya anapiga meza: yahesabika!
Muhanna hasemi kitu, kashika kifundo chake cha kidole.
Nami napekua daftari, mbele, nyuma, pembeni.
Hatukuandika lolote kuhusu jikoni.