Sweta la Lupyana

Ndoano nimeibana kwa koleo la fundi baiskeli,
mdomo juu, kama mtoto anayenyweshwa dawa.
Uzi mweusi, mizunguko saba, kaza.
Manyoya ya shingo ni ya yule jogoo
tuliyemla Pasaka; shingo yake ingali kazini.

Kiwiliwili ndicho kilichonisumbua.
Trauti wa mto huu, hapa chini ya chai,
wanazikataa sufi za dukani Mafinga.
Nikaingia majini, nikageuza mawe,
nikamwona mdudu wanayemla:
wa kijivu, kama ukungu wa Juni,
kama sweta aliloliacha kaka msumarini
alipokwenda Makambako kwa wiki mbili.

Nilianza na uzi mmoja wa pindo.
Nani angejua?
Sasa mkono wa kushoto unaishia kwenye kiwiko,
na nzi wa bandia mia na arobaini
wameshatoka meza hii
kuingia vinywani mwa samaki.

Mama hupita, huutazama msumari, hasemi.
Jana kaniletea mkasi wenye makali zaidi.

Lupyana, ukirudi,
baridi utaikuta.
Sweta, kalidai mtoni.