Kupogoa

Bunge limeahirishwa. Magari meupe yamerudi pwani
na simu yangu imelala kifudifudi juu ya gunia la karanga
kama mtu aliyesusa.
Wiki ya tatu hii. Oda moja,
nayo ya binamu yangu Sechelela, aliyenunua kwa huruma
kisha akaomba punguzo.

Kizuri chajiuza, walisema.
Waliosema hawakuwa na tovuti.
Hawakuwahi kuingoja picha ya zabibu kavu ifunguke
kwenye kioo kilichopasuka, Nkuhungu, saa mbili usiku,
mtandao ukijikokota kama punda wa maji.

Basi nimefunga mlango, upepo ubaki na vumbi lake nje,
nimekaa kitandani, nimeingia dukani kwangu
kama mteja. Mara ya kwanza tangu nilifungue.

Aibu.
Picha ya mlenda: nzito kama tofali,
na pembeni yake ndala ya mtoto na nusu ya mguu wangu.
Kitufe cha kununua kimejibanza chini kabisa;
ukikigusa kwa kidole gumba unapelekwa kwenye asali
ambayo sina tangu mwaka juzi.
Na namba ya simu.
Mungu wangu, namba ya simu.
Tarakimu ya mwisho ni saba. Niliandika moja.
Miezi kumi na minne watu wamekuwa wakimpigia nani?

Nikapiga.
Akapokea fundi wa pampu, yuko Bahi,
sauti ya mtu aliyekatizwa chakula.
"Ni wewe wa mlenda?" akauliza kabla sijajitaja.
"Wamepiga wengi. Nikaona niwaambie tu kwamba umekwisha."

Sikulia. Niliibadili ile moja kuwa saba,
nikaenda kuchemsha chai,
nikarudi, nikaitazama tena ile saba.

Kaka yangu Chilewa yuko Mpunguzi, anapogoa mizabibu.
Amenitumia picha: mistari ya visiki,
kila kimoja kimeachiwa vijiti viwili vitatu,
shamba zima kama ukoo ulionyoa kwa msiba.
Hakuandika neno.
Nikahesabu bidhaa zangu. Arobaini na moja.

Nikashika mkasi wangu mimi, ambao ni kidole.
Asali, kata.
Vikapu vya harusi ile iliyovunjika, kata.
Sabuni ya alizeti iliyomwasha mke wa mchungaji,
kata, na samahani mama.
"Karibu sana mteja wetu mpendwa katika duka letu bora la kisasa",
kata, kata, kata, hata nukta yake.
Na palipoandikwa "mlenda wa asili wenye ubora wa hali ya juu"
nikaandika anavyofanya mama:
unachumwa Machi, majani yakiwa bado na mvua,
unaanikwa juu ya tembe, unatwangwa, unachekechwa.
Kijiko kimoja, maji, karanga, magadi kidogo.
Ukivuta uzi, umeiva.

Picha nikapiga upya, mchana, dirishani,
bakuli peke yake. Ndala nje.
Nikaipunguza uzito mpaka ikafunguka
kabla sijamaliza kupiga chafya.

Zimebaki bidhaa kumi na moja.
Duka limekuwa jeupe, karibu uchi,
na mimi nina hofu ya mtu aliyekata tawi
halafu akakumbuka kwamba hakuuliza lipi.

Saa sita kasoro, mtu akaingia.
Simwoni yeye; naona kidoa cha kijani kwenye hesabu za tovuti
na jina la mji: Tunduru.
Nani wa kwetu yuko Tunduru?
Akapita zabibu bila kusimama. Akafungua mlenda.
Maneno yale yanasomeka kwa dakika moja.
Alikaa tisa.

Kisha akatoka, kikapu kitupu.

Nikazima taa.
Simu nikaiacha pale pale juu ya gunia,
ila nimeigeuza, kioo kinatazama juu.